Mambo ya Nyumbani: Moto wa Jikoni na Mtoto Mdogo

Mtoto akiungua jikoni, majirani husema ni bahati mbaya, na mama hulaumiwa kwa kutokuwa macho. Maneno hayo hayatoshi. Hakuna mama awezaye kuchanja kuni, kusonga ugali na kumwangalia mtoto anayejifunza kutembea, yote kwa wakati mmoja. Mara nyingi kinachomponza mtoto ni jinsi jiko lenyewe lilivyowekwa, na jambo hilo lamhusu baba pia, maana ndiye mwenye jembe, panga na misumari.

Mafiga matatu huwa chini sakafuni, pale pale anapotambaa mtoto. Sufuria haina mkono. Figa moja likiyumba, uji wote humwagika. Katika miezi ya Juni na Julai, baridi inaposhika nchi za juu kama Limuru na Nyandarua, watoto husogea karibu na moto na hata kusinzia hapo. Tena si moto peke yake uunguzao. Maji yenye joto la digrii 60, ambayo bado sana kuchemka, huweza kuiunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa muda wa sekunde 5 hivi, na ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi.

Mkulima hujenga zizi la fito ili ndama asitoke. Fito chache za namna hiyo, zikikingama kati ya jiko na mahali pa kuchezea, zingemzuia mtoto pia. Iliyo bora zaidi ni kuliinua jiko kwa mawe na udongo mpaka kiunoni mwa mpishi. Magharibi mwa Kenya liko jiko la udongo liitwalo Upesi, ambalo moto wake umezungukwa pande zote isipokuwa mlango wa kuni. Lilienezwa kwa ajili ya kupunguza kuni, lakini mwenye watoto wadogo atapata faida nyingine humo.

Mtoto akiisha kuungua, wengi hukimbilia majivu, unga, mafuta ya kupikia, mavi ya ng'ombe au dawa ya meno. Vitu hivyo huzuia joto lisitoke, na vingine hutia uchafu kidondani. Yapasa mtoto avuliwe nguo upesi, isipokuwa ile iliyogandamana na ngozi, kisha mahali palipoungua pamiminiwe maji safi ya baridi, si barafu, kwa dakika 20. Penye shida ya maji, mtu na amimine kwa kata bila haraka. Sehemu nyingine za mwili zifunikwe zisipate baridi. Malengelenge yasipasuliwe. Halafu kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi, na mtoto apelekwe hospitali.

Hasa mkono usidharauliwe. Kiganja kilichoungua sana, kikiachwa kipone chenyewe nyumbani, ngozi yake hujikunja na kuvuta vidole ndani. Watu huona kidonda kimekauka, wakafurahi. Lakini baada ya miezi mtoto hawezi kufungua mkono ashike kalamu wala jembe. Daktari akimwona mapema, huweza kuvinyosha vidole hivyo kwa kuvifunga vizuri na kuvizoeza.

Nyumba za mjini zina hatari yake. Karani mwenye chumba kimoja hupika kwa stovu kando ya kitanda, na mafuta ya taa huyatia katika chupa ya soda. Mtoto aijua chupa ya soda, naye huinywa. Shambani hali ni hiyo hiyo kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Chupa ya kinywaji isitiwe kamwe kitu kisichonyweka, na dawa ikae katika chombo chake, juu, penye kufuli.

Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, wala asipewe maziwa ili atapike. Mafuta hayo huumiza zaidi yakiingia mapafuni, na kutapika ndiko kunakoyapeleka huko. Apelekwe hospitali mara moja, hata kama haonekani kuumwa, maana kikohozi na kupumua kwa shida huweza kuanza saa kadhaa baadaye. Na chupa yenyewe ichukuliwe pamoja naye, ili daktari ajue hakika ni kitu gani kilichonywewa.