Marekani Haijashindwa na Bunduki, Imekataa Kuzidhibiti

Bastola ya kuchezea mtoto ikigundulika ina kasoro, serikali ya Marekani ina mamlaka ya kuiondoa madukani. Ipo tume nzima kwa ajili hiyo, inayokagua vitanda vya watoto, baiskeli na vyombo vya umeme. Bastola ya kweli, ile inayotoa risasi, tume hiyo hairuhusiwi kuigusa. Sheria ya mwaka 1972 iliyoiunda iliziweka bunduki kando, na wananchi walipojaribu kuishinikiza ipige marufuku japo risasi za bastola, mwaka 1976 Bunge liliongeza kifungu: risasi nazo zisiguswe. Msomaji aanzie hapo kila anapoambiwa kwamba taifa lile kubwa limeshindwa kuzuia mauaji ya bunduki. Halijashindwa. Limekaa kikao, likaandika, likapiga kura, likatia sahihi.

Mwaka 2023 zaidi ya watu 46,000 walikufa kwa risasi nchini Marekani, wastani wa watu zaidi ya 120 kila siku. Tangu mwaka 2020, bunduki ndiyo inayoongoza kwa kuua watoto na vijana wa nchi hiyo, wa umri wa mwaka 1 hadi 19, kuliko ajali za magari, kuliko saratani. Kila mauaji ya shuleni yanapotokea, viongozi wanasimama mbele ya kamera na nyuso za huzuni, wanatoa rambirambi, wanasema wanawaombea wafiwa, wanauita msiba usioelezeka. Unaelezeka vizuri kabisa, na una tarehe.

Mwaka 1993 utafiti uliofadhiliwa na Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, CDC, ulionyesha kwamba nyumba yenye bunduki ina hatari kubwa zaidi ya mtu kuuawa humo humo ndani. Taifa linalojali watu wake lingeomba utafiti zaidi. Chama cha Taifa cha Bunduki, NRA, kiliwashawishi wabunge waifunge midomo CDC, na mwaka 1996 Bunge likapitisha kifungu kilichosimamiwa na mbunge Jay Dickey wa Arkansas, kisha likakata dola milioni 2.6 kutoka kwenye bajeti ya kituo hicho, kiasi kile kile kilichotumika mwaka uliotangulia kuchunguza vifo vya bunduki. Kwa zaidi ya miaka 20 CDC haikutengewa fungu la kuuliza kwa nini watu wanakufa kwa risasi. Dickey mwenyewe alikuja kujuta hadharani. Fedha zilirudi mwishoni mwa 2019, wakati makaburi yalikwisha kujaa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tazama na kituo cha kufuatilia silaha kilichoko Martinsburg, West Virginia. Polisi wakiokota bunduki penye mauaji, wanapeleka namba yake pale. Wafanyakazi wanampigia mtengenezaji, halafu muuza jumla, halafu mwenye duka, mmoja baada ya mwingine. Duka likiwa limefungwa, wanapekua rekodi zake ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu sheria ya mwaka 1986 inaikataza serikali kuwa na daftari la pamoja la bunduki na wenye bunduki. Nchi iliyofikisha binadamu mwezini imejifunga mikono kwa sheria ili isijue silaha iliyoua mtu imetoka kwa nani.

Kisha ukaja mwaka 2005. Miji na wafiwa walikuwa wameanza kuwashitaki watengenezaji wa silaha, kama wanavyoshitakiwa watengenezaji wa magari mabovu na kampuni za sigara. Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga, Rais George W. Bush akaitia sahihi, na kesi nyingi zikafia mlangoni mwa mahakama. Wazazi wa watoto waliouawa katika shule ya Sandy Hook walihangaika miaka mingi wakitafuta upenyo, wakaupata kwenye namna bunduki ya muuaji ilivyotangazwa sokoni, na mwaka 2022 kampuni za bima za mtengenezaji wake, Remington, zikakubali kulipa dola milioni 73. Watoto 20 wa miaka sita na saba walikuwa wameuawa shuleni humo pamoja na watu wazima sita.

Na Bunge lilifanya nini baada ya watoto hao kuzikwa? Tarehe 17 Aprili 2013 Seneti ilipiga kura juu ya jambo dogo mno: anayenunua bunduki kwenye maonyesho ya silaha au kwa matangazo ya mtandaoni achunguzwe kwanza kama ana rekodi ya uhalifu, kama anavyochunguzwa anayenunua dukani. Takriban Wamarekani tisa kati ya kumi waliliunga mkono. Maseneta 54 walisema ndiyo, 46 wakasema hapana, na ndiyo ikashindwa, kwa sababu kanuni za Seneti zilidai kura 60. Katika Seneti hiyo, Wyoming, jimbo lenye watu wasiofika 600,000, lina maseneta wawili sawasawa na California yenye watu karibu milioni 39. Wachache wameshika kufuli, na wengi wanazika.

Ikabaki Mahakama ya Juu. Marekebisho ya Pili ya Katiba, yanayohusu haki ya kuwa na silaha, yaliidhinishwa mwaka 1791, yakilitaja jeshi la mgambo lililopangwa vizuri. Jaji Mkuu mstaafu Warren Burger, aliyeteuliwa na Rais Nixon wa chama cha Republican, alitamka mwaka 1991 kwamba kuyageuza marekebisho hayo kuwa haki isiyogusika ya kila mtu ni ulaghai mkubwa dhidi ya umma. Miaka 17 baadaye majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba haki ni ya mtu mmoja mmoja, ingawa Jaji Scalia aliyeandika hukumu hiyo alikiri kwamba haki hiyo ina mipaka. Mwaka 2022, mwezi mmoja baada ya watoto kuuawa katika shule moja mjini Uvalde, mahakama hiyo hiyo ikaifuta sheria ya New York ya kubeba bastola iliyodumu zaidi ya miaka 100. Mwaka 2024 ikaondoa marufuku ya kifaa kinachoifanya bunduki ya kawaida imwage risasi kama rashasha, kifaa kilichotumika Las Vegas mwaka 2017, ambako watu 60 walipoteza maisha.

Watetezi wa bunduki wana majibu yao, nami nayajua. Wanasema dawa ya mwovu mwenye bunduki ni mwema mwenye bunduki. Uvalde walifika askari 376, wote wema, wote na silaha. Ilichukua dakika 77 kuingia darasani, wakati watoto wakipiga simu kuomba msaada. Waliuawa watoto 19 na walimu wawili. Muuaji alikuwa ametimiza miaka 18 siku chache kabla, akaenda dukani akanunua bunduki zake kihalali. Katika nchi hiyo kijana wa umri huo haruhusiwi kununua chupa ya bia.

Wanasema tatizo ni ugonjwa wa akili. Uingereza haina wagonjwa wa akili? Japani haina? Wanataja Chicago, kwamba ina sheria kali na bado damu inamwagika. Bunduki nyingi zinazokamatwa kwa uhalifu Chicago zimetoka nje ya jimbo la Illinois, na Indiana jirani, yenye sheria legevu, inaongoza kwa kuzipeleka. Hiyo ni hoja ya kutaka sheria ya nchi nzima, na wanaitumia kuipinga.

Wanasema tena kwamba bunduki ni ulinzi wa familia. Hapa ndipo ninapokasirika zaidi, maana uongo huu unawaua wenyewe wanaouamini. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu waliojiua. Wengi wanaonusurika jaribio la kujiua hawafi baadaye kwa njia hiyo. Wanapata matibabu, wanaishi. Aliyejipiga risasi ni nadra kupata nafasi hiyo. Baba aliyenunua bastola kumngoja mwizi ameiweka katika droo ambayo mwanawe anaijua, na siku kijana huyo atakapoona dunia imemwelemea, dakika kumi zitaamua. Sanduku lenye kufuli lingetosha kuzivusha dakika hizo. Majimbo mengi bado hayamlazimishi mwenye bunduki kuifungia.

Na atakayesema sheria hazisaidii aitazame Marekani yenyewe. Sheria ya mwaka 1934 iliziwekea rashasha kodi na usajili mkali, na ile ya mwaka 1986, ile ile iliyokataza daftari, ikapiga marufuku kuwauzia raia rashasha mpya. Leo rashasha zilizosajiliwa kihalali ni nadra mno kuonekana katika uhalifu. Massachusetts, ambako polisi ndio wanaotoa leseni, kiwango cha vifo vya bunduki hakifiki hata sehemu moja ya saba ya kile cha Mississippi. Bendera moja, Katiba moja. Missouri ilifuta kibali cha kununua bastola mwaka 2007, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wakaona mauaji ya bunduki yamepanda. Kwingineko, Australia ilipopoteza watu 35 Port Arthur mwaka 1996, Waziri Mkuu John Howard, mhafidhina, alikuwa na makubaliano mezani ndani ya siku 12, na serikali ikanunua na kuharibu bunduki zipatazo 650,000.

Mambo haya yanatuhusu. Zipo familia zilizokimbia mtutu wa bunduki Kivu, zikaishi miaka kambini Nyarugusu na Kakuma, zikapokewa Kentucky, Ohio na Texas. Watoto wao, wanaoongea Kiswahili nyumbani, wanafundishwa shuleni kuzima taa, kufunga mlango na kujibanza kimya wasisikike. Wazazi waliwavusha bahari ili wasijifunze hayo.

Sheria ya mwaka 2022 iliyoongeza uchunguzi kwa wanunuzi wa chini ya miaka 21 ilikuwa hatua ya kwanza kubwa katika karibu miaka 30, na inaonyesha kwamba Bunge likitaka linaweza. Basi litake. Kila mnunuzi achunguzwe, popote anaponunua. Leseni itangulie silaha. Bunduki ifungiwe penye watoto. Kinga ya mwaka 2005 ifutwe, mtengenezaji asimame mahakamani kama mfanyabiashara mwingine yeyote.

Kura za Seneti ni za wazi, na majina ya waliosema hapana yapo kwenye kumbukumbu, na kila jina lina jimbo lake na mwaka wake wa kuomba kura. Mpiga kura anayelia na wafiwa leo, kisha akamrudisha bungeni mtu yule yule aliyeikataa sheria, asiseme nchi yake imeshindwa. Na yeye amekataa.