Mnada wa Jumamosi uachiwe uwanja wake

Jumamosi ikifika, barabara ya Dodoma kwenda Arusha hupata foleni yake ya wiki pale mnadani Msalato, kilomita zipatazo 12 kutoka katikati ya jiji. Bodaboda zimening'iniza kuku miguu juu, pikapu zimejaa masufuria na marobota ya mitumba, na katikati yake yapo magari madogo ya watumishi wanaopeleka familia zao kula nyama. Pita hapohapo Jumatatu, utakuta vumbi, nguzo za vibanda na mbuzi wa jirani wanaookota maganda. Kwa mpimaji wa ardhi, au kwa mtu anayetafuta kiwanja cha kujenga gesti, picha ya Jumatatu ndiyo inayomkaa kichwani: eneo kubwa, kando ya lami, karibu na uwanja mpya wa ndege, na limelala siku sita kati ya saba. Naona hesabu hiyo imekosewa. Uwanja wa mnada haujalala. Utupu wa siku sita ndio unaofanya bei ya siku ya saba iwe ya chini, na jiji linalokua lina wajibu wa kuuweka kwenye ramani kwa uzito uleule linaoipa shule na zahanati.

Tuanze na gharama, maana hapo ndipo penye siri. Mwenye duka mjini analipa kodi ya fremu, umeme, mlinzi na leseni, mteja aje asije. Yote hayo anayaweka kwenye bei ya sufuria. Muuzaji wa mnadani analipa ushuru wa siku na mchango wake wa nauli ya Fuso waliyokodi wenzake kadhaa, basi. Halafu wateja ambao dukani wangekuja mmojammoja kwa wiki nzima, hapa wanamjia wote kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Kesho yake mzigo uleule anautandaza kijiji kingine. Kijiji kimoja hakiwezi kumlisha muuza sufuria kwa wiki, ila vijiji vitano au sita kwa zamu vinamlisha yeye na watoto wake. Ndiyo maana siku za magulio ya jirani hazigongani ovyo. Huko Arusha, Tengeru upande wa mashariki wana Jumatano na Jumamosi, na Ngaramtoni upande wa pili wa jiji wana Alhamisi na Jumapili. Ukiifuta siku moja katika mzunguko wa namna hiyo hujafunga soko moja tu, umepunguza kipato cha watu wanaofanya kazi katika masoko mengine yote ya mzunguko huo.

Upande wa mifugo jambo hili linaonekana waziwazi zaidi. Serikali inapanga minada ya mifugo kwa ngazi: ya awali, ambayo iko chini ya halmashauri, kisha ya upili kama Kizota hapohapo Dodoma na Pugu jijini Dar es Salaam, kisha ya mipakani. Mfugaji mwenye mbuzi wawili na ada ya shule inayodaiwa Jumatatu hana sababu ya kuhangaika na mnada wa upili, ambako wanunuzi wanafikiria kwa malori. Anakuja mnada wa awali. Pale mnunuzi anamshika mbuzi kiunoni, anabonyeza uti wa mgongo kupima mafuta, anafungua mdomo kuangalia meno, anataja bei ya chini kwa makusudi na kugeuka kama anayeondoka. Dalali anamrudisha. Wakikubaliana, mnyama anapelekwa karoni, anakaguliwa, na kabla ya adhuhuri mbavu zake zimechomekwa vijitini kuzunguka moto. Kutoka mkononi mwa mfugaji hadi kwenye sinia la mlaji, safari nzima inaweza kuwa ya mita mia chache. Mbuzi huyohuyo akielekea bucha la mjini atapita kwa mchuuzi, kwenye gari, machinjioni na kwa mwenye bucha, na kila mmoja atakata chake.

Kwa hiyo yule mtumishi anayekwenda Msalato na shemeji zake si mtalii anayemsumbua mkulima. Kila sinia linaloagizwa ni mbuzi mwingine anayehitajika uwanjani siku hiyohiyo, na bei ya mbuzi mnadani huamuliwa na idadi ya wanunuzi waliosimama pale, wala si na tangazo la mtu. Tena hawarudi mikono mitupu. Kwenye buti la gari kunaingia mlenda mkavu, karanga, ubuyu, kuku wa kienyeji aliyefungwa miguu, pengine na samaki wakavu wa Mtera. Ni fedha ya mshahara inayofika kijijini bila kupita kwa mtu wa tatu. Sijui mradi gani wa kumwinua mkulima unaoweza kufanya hivyo kila wiki bila semina wala posho.

Sasa jiji lenyewe. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Ya 2022 iliwakuta 765,179, na manispaa ilikwishakuwa jiji tangu Aprili 2018. Katikati ya sensa hizo mbili Serikali ilihamia Dodoma, baada ya uamuzi wa 1973 wa kuhamisha makao makuu kukaa kwenye makaratasi kwa zaidi ya miaka 40. Barabara ya mzunguko ya nje, yenye kilomita 112.3, inapita maeneo ambayo juzi yalikuwa mashamba ya mtama na uwele, na huko Msalato unajengwa uwanja wa ndege wa kimataifa. Wanaoweza kuwa wanunuzi wa mnada wameongezeka karibu mara mbili, na wanaoitaka ardhi ya mnada wameongezeka kuliko hapo. Pembezoni ya leo ni mjini kesho, na historia ya miji yetu inaonyesha nani huondoka kwanza.

Watetezi wa kuutumia uwanja kwa shughuli nyingine wana hoja inayostahili jibu: ardhi ya mji ni ghali, na hakuna mji unaoweza kuacha hekari kadhaa zikae bure ili watu wauziane mbuzi mara moja kwa wiki. Lakini nani kasema lazima zikae bure? Nairobi, kwa miaka mingi, Soko la Maasai limekuwa likitandazwa Jumamosi kwenye maegesho ya magari karibu na Mahakama ya Juu, katikati kabisa ya jiji, na siku nyingine wauzaji wa shanga na vikapu huhamia viwanja vingine, Ijumaa wakiwa Village Market. Siku za kazi pale mahakamani magari yanaegeshwa kama kawaida. Uwanja wa Msalato nao unaweza kuwa maegesho ya malori, mahali pa kufundishia udereva, uwanja wa mpira wa watoto. Kinachotakiwa ni kimoja: pasijengwe ukuta wa kudumu.

Wapo wanaosema jibu ni soko la kisasa lenye paa na vizimba. Dodoma inalo, Soko la Job Ndugai kule Nzuguni jirani na stendi kuu, na kwa biashara ya kila siku ya nyanya na vitunguu masoko ya namna hiyo yanahitajika sana. Tatizo ni kulifikiria kuwa mbadala. Kizimba lazima kiwe na mwenyewe, mwenyewe lazima alipe kila mwezi, na anayelipa kila mwezi lazima ashinde hapo kila siku. Mama anayetoka Chamwino na debe la karanga mara mbili kwa msimu atapewa kizimba gani? Dar es Salaam ilijenga Machinga Complex pale Ilala, jengo la ghorofa lililokamilika takriban 2010 kwa ajili ya maelfu ya wamachinga, na kwa miaka mingi sehemu kubwa yake ilibaki tupu huku waliokusudiwa wakiendelea kupanga bidhaa barabarani. Mteja wa mitumba hapandi ghorofa ya nne kumtafuta muuzaji. Zege halikuwa na kosa. Waliolichora walisahau kwamba biashara ndogo hulifuata kundi la watu lilipo.

Hoja nzito zaidi ni ya afya na vipimo, na hapo minada yetu inajitetea kwa shida. Nyama inachomwa kwenye upepo wa vumbi, vyoo havitoshi, maji ya kunawa ni ndoo moja ya mama ntilie, na dawa za mifugo zinakaa juani kutwa pamoja na za binadamu zinazouzwa na mtu mwenye kipaza sauti na shahada ya maneno. Sado nyingine imebonyezwa kitako kwa ustadi wa fundi. Lakini jiulize ushuru unaokusanywa pale kwa mashine ya POS, kila wiki, mwaka hadi mwaka, umerudi uwanjani kwa sura gani. Bomba la maji, vyoo vya kutosha, karo lenye sakafu ya saruji, afisa afya wa zamu, mizani iliyogongwa muhuri na Wakala wa Vipimo: yote hayo pamoja hayakaribii gharama ya jengo la ghorofa mbili. Na ukiufukuza mnada, uchafu hautakwisha. Utahamia kilomita 20 mbele, kando ya barabara, mahali ambapo afisa afya hafiki kabisa.

Liko pia lalamiko la wenyeji, linalosikika kwa sauti ndogo kwa sababu wanaolitoa hawaandiki magazetini: watu wa mjini wamepandisha bei. Ni kweli kwa sehemu. Kibarua wa Msalato anayenunua nusu kilo ya nyama anashindana na mtu aliyekuja na gari, na ushindani huo haumpi nafuu. Sioni dawa yake isiyoumiza upande wa pili, kwani bei inayomwumiza kibarua ndiyo inayomlipia mfugaji ada. Nikilazimika kuchagua, nitaegemea kwa mfugaji, maana kibarua bado anafaidika na mnada huohuo kwenye nguo za watoto, vyombo na nafaka, na jioni wachuuzi wanapokusanya maturubai bei huwa laini.

Mtu wa kuamua yote haya si wa kutafutwa mbali. Hadi Mei 2017, ardhi ya Dodoma ilipangwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, wakati ushuru ukikusanywa na halmashauri. Mmoja aliweza kuupima uwanja na kuugawa bila kuhisi hasara ya mwenzake. CDA ilipovunjwa, kazi zake zilihamia kwa halmashauri, kwa hiyo leo anayegawa viwanja na anayehesabu mapato ya mnada wako chini ya mkurugenzi mmoja. Sheria ya Mipangomiji ya 2007 inaipa halmashauri uwezo wa kupanga matumizi ya eneo na kulilinda. Uwanja upimwe, uwekewe mawe ya mipaka, uandikwe kuwa wa mnada, na sehemu ya kuegesha magari itengwe nje ya hifadhi ya barabara ili watoto wasivuke lami katikati ya mabasi ya Arusha. Kazi hiyo ni ya miezi michache ikifanyika sasa. Ikisubiri nyumba zikaribie uwanja, itaanza na tathmini ya fidia, na fidia Dodoma kila mtu anajua inavyochelewa.