Kijana Akibaleghe Twamtoa Chuoni

Mgeni apandaye Rabai kutoka Mazeras huonyeshwa kwanza kanisa la Mtakatifu Paulo, lililojengwa mwaka 1887, na nyumba za kale za wamisheni. Hapa ndipo Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walipoweka misheni yao mwaka 1846, wakaanza kufundisha watoto wachache kusoma. Baadaye pakawa kimbilio la watumwa, na tarehe mosi Januari 1889 mamia yao walipewa hati za uhuru papa hapa Rabai. Habari hiyo si ya kutufurahisha sisi Waislamu, kwani wengi wao walikuwa wamekimbia mashamba ya mababu zetu. Lakini ni kweli, na yafaa isemwe.

Basi kwa wazee wetu, shule na kanisa vilikuwa kitu kimoja. Mzazi alimzuia mwanawe nyumbani asije akarudi na jina jingine. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah huko Mombasa mwaka 1932, alihangaika sana kuwahimiza watu watafute elimu pasipo kuacha dini yao. Leo hofu ile imekwisha. Watoto wetu wanasoma, na karo tunalipa kwa jasho. Ila naona tumeangukia kosa jingine, nalo halisemwi.

Mpwa wangu alihitimu juzuu kumi akiwa mdogo, na mwalimu wake wa chuo akamsifu. Alipofika umri wa kubaleghe alipelekwa shule ya bweni, mbali na nyumbani. Muhula wa pili alirudi likizo. Magharibi ilipoingia, baba yake akamwambia atangulie awasalishe wadogo zake. Kijana akatazama chini, asiseme neno. Hakuwa ameasi, la. Huko alikokuwa hapakuwa na pa kusalia wala mtu wa kumwuliza, na siku ya Jumapili wanafunzi wote waliingia ibadani.

Shemeji yangu alilaumu shule. Mimi nilimlaumu yeye, na hatukuzungumza siku mbili. Mihula miwili mizima alimwuliza mtoto alama za hesabu, asimwulize hata mara moja: Ijumaa wasali wapi?

Hapo nilikumbuka habari za Mayahudi wa Mbale, Uganda. Najua msomaji akisikia neno Yahudi fikira zake huenda Palestina. Leo sisemi siasa. Nasema habari za wakulima Waafrika, ambao dini yao ilianza mwaka 1919, pale Semei Kakungulu, jemadari mashuhuri wa Waganda, alipojitahiri pamoja na wanawe. Wafuasi wake huitwa Abayudaya. Idi Amin aliwapiga marufuku, na katika miaka ile ya 1971 hadi 1979 wengi walisilimu au wakabatizwa. Wachache waliobaki walisali kwa siri. Watoto wao waliposoma katika shule za wengine walishawishiwa mara nyingi waiache dini yao.

Walipopata nafasi walijenga shule ya msingi, Hadassah, na ya sekondari iliyopewa jina la Semei Kakungulu. Lakini ajabu ni kwamba hawakufunga mlango. Watoto wa Kiislamu na wa Kikristo husoma humo pamoja na wao. Na Jumamosi, siku yao ya mapumziko, vijana wao huwa katika sinagogi huko kilimani Nabugoye, pamoja na wazee.

Katika sheria ya Kiyahudi mvulana akitimia miaka 13, na msichana 12, amri za dini humwangukia yeye mwenyewe, si baba tena. Je, si kama kwetu? Mtoto mdogo haandikiwi dhambi. Akibaleghe, kalamu huanza kuandika. Wao katika umri huo ndipo wanapozidi kumkalia kijana karibu. Sisi ndipo tunapomtoa chuoni, kwa sababu ana mtihani! Tumemfundisha dini alipokuwa hatakiwi kuulizwa, tukamwachisha siku alipoanza kuulizwa.

Wako watakaosema dawa ni kujenga shule zetu. Palipo na uwezo, zijengwe. Lakini hapa Rabai sisi ni wachache, na vijana wetu wengi wataendelea kuketi madarasani kwa wengine. Wala tusitegemee mahakama peke yake. Katika kesi ya hijabu ya shule moja ya Isiolo, Mahakama ya Rufaa iliwapa wasichana haki mwaka 2016, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi ule kwa sababu za utaratibu wa kesi. Msichana aliyekuwa akingoja hukumu alikwisha maliza shule.

Kinachowezekana ni kidogo, lakini ki mikononi mwetu. Mzazi amwone mwalimu mkuu siku ya kumpeleka mtoto, amwombe kwa adabu chumba cha sala na ruhusa ya Ijumaa. Wakuu wengi hawakatai, hawajaulizwa tu. Na misikiti yetu ifungue darasa la vijana wakati wa likizo. Si la kurudia alifu na bee. Kijana wa miaka 15 ana maswali ya muguka, ya simu, ya mapenzi, ya rafiki yake Mkristo aliye mwema kuliko yeye. Tukimjibu kwa bakora atanyamaza, aende kumwuliza mwingine.

Likizo iliyopita tulijaribu, vijana saba barazani kwangu baada ya Alasiri. Mpwa wangu aliuliza la kwanza: kwa nini wale waliokimbilia Rabai walikuwa wakitukimbia sisi. Nilimwomba anipe hadi kesho.