Chombo Kipigacho Kamsa ya Gesi: Je, Husema Uongo?

Katika Marekani, Kanada na nchi nyingi za Ulaya wako watu wasafirio kwa magari yaliyojengwa kama nyumba ndogo. Ndani ya gari-nyumba la namna hiyo mna kitanda, jiko, taa, na mara nyingi jokofu liendeshwalo kwa moto wa gesi. Gesi yenyewe hasa ni propani, nayo hutoka katika mtungi uliofungwa nje. Karibu na sakafu hupachikwa chombo kidogo cha kugundua gesi. Malalamiko juu ya chombo hicho ni ya siku nyingi, tena hufanana: hulia usiku wa manane, hali hakuna gesi iliyovuja. Basi wenye gari wengine hukata waya wake wakarudi kulala.

Hasira yao naielewa. Lakini madai yao kwamba chombo kimewadanganya siyakubali, na sababu zake zinafaa kujadiliwa darasani.

Hebu tuangalie jinsi chombo kinavyonusa. Katika vyombo vingi vya aina hii, pua ni punje za oksaidi ya bati zilizopashwa moto hadi nyuzi mia kadhaa za Selisiasi. Njia hiyo iliombewa hataza mwaka 1962 kwa jina la Mjapani Naoyoshi Taguchi. Katika hewa safi, oksijeni hujishikiza juu ya punje na kuzinyang'anya elektroni, na ukinzani wa umeme huwa mkubwa. Ijapo gesi iwezayo kuungua, huungana na oksijeni ile, elektroni hurudi katika punje, na ukinzani hushuka. Ukishuka kupita kiwango kilichowekwa, king'ora hulia.

Mwanafunzi aliyesoma oksidisho atatambua kuwa katika maelezo hayo hakuna mahali ambapo chombo kiliulizwa jina la gesi. Kiliulizwa tu kama kuna kitu kinachonyang'anya oksijeni. Mvuke wa spiriti, mvuke wa rangi, manukato, na haidrojini, vyote huweza kujibiwa kwa sauti ile ile. Dawa ya nywele ya kupuliza mara nyingi husukumwa kutoka koponi na propani na butani zenyewe. Hapo chombo kimelia kwa haki kabisa.

Haidrojini yastahili kuangaliwa zaidi. Gari-nyumba huwa na betri ya volti 12, na katika magari mengi ni ile ya kawaida yenye bamba za risasi na asidi. Betri hiyo ikichajiwa kupita kiasi cha volti 14.4 hivi, maji yaliyomo huanza kuchanganuliwa kwa umeme kuwa haidrojini na oksijeni. Kifaa cha kuchajia kikiharibika, au seli moja ya betri ikifa, gesi hutoka usiku kucha. Mwenye gari hukagua mtungi, haoni kitu, akatamka kwamba kamsa ni ya bure. Kumbe haidrojini huweza kulipuka ifikapo asilimia 4 tu ya hewa! Chombo kimemwonya juu ya hatari ambayo hakukitarajia kuiona, naye amekizima.

Hata hivyo, kamsa nyingi hazitokani na uvujaji wa mtungi, na hesabu ndogo yatosha kueleza kwa nini. Tuchukulie, kwa mfano tu, gari ambalo mtungi wake huvuja mara moja katika miaka 10, na ambamo chombo hulia kwa sababu nyingine mara moja kila mwezi. Katika miaka 10 king'ora kitalia mara 121, na mara 120 mtungi hauna hatia. Jambo baya na la nadra hufunikwa na mambo madogo ya kila siku, hata pua ikiwa kali namna gani.

Sasa tuipime ile mara moja. Propani huweza kulipuka ifikapo asilimia 2.1 ya hewa. Katika gari lenye nafasi ya mita 20 za ujazo, hiyo ni lita 420, yaani moli 17.5 hivi, au gramu 770. Hata kilo moja haijatimia. Tena propani ina uzito wa molekuli 44, na hewa 29 hivi. Hivyo hulala sakafuni badala ya kuenea sawasawa, na kiasi kidogo zaidi huweza kuwa hatari hapo chini alipolala mtoto.

Lawama nyingine nawatupia wajenzi wa magari haya. Kuweka pua ya gesi karibu na sanduku la betri ni kualika kamsa. Kukipa chombo mlio wa gesi na mlio wa umeme hafifu inayotofautiana kwa idadi ya milio tu ni kumtaka mtu aliyeshtuka usingizini afanye hesabu.

Anayesikia mlio na aufuate kama wa kweli: azime moto wote, asiguse swichi yoyote, awatoe watu nje, aache mlango wazi, afunge vali ya mtungi. Uchunguzi ni wa baadaye, gari likiisha kupata hewa. Povu la sabuni hupakwa kwenye maungio ya mpira na vali, kamwe si njiti ya kiberiti. Mtungi ukiwa umefungwa na chombo kikalia tena, betri na kifaa chake cha kuchajia vikaguliwe.

Magari-nyumba ni machache kwetu, lakini jiko la gesi si geni tena. Mkakati wa Tanzania uliozinduliwa mwaka 2024 unakusudia asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mtungi ni mojawapo ya njia hizo. Nyumba yenye mtungi jikoni na betri ya umeme wa jua chini ya meza ni ndugu wa gari lile.

Liko pia jambo lisilolalamikiwa. Mvuke wa silikoni, utokao katika baadhi ya gundi na dawa za kung'arishia, huzifunika punje za bati na kuzitia ganzi. Kitufe cha majaribio hakitoi uhakika, kwa kuwa katika vyombo vingi hupima saketi na king'ora tu. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa miaka 5 hadi 7. Chombo kilichopita umri huo kibadilishwe, hata kama hakijawahi kulia.