Kioja Si Ajabu, na Ajabu Si Muujiza

Malenga wenzangu, katika tungo nyingi za siku hizi neno kioja limegeuzwa kiraka cha kila tundu. Mvua ikinyesha kiangazi, kioja. Mtoto akimpiga mamaye, kioja. Fedha za umma zikiliwa, kioja vilevile. Sababu moja iko wazi. Neno hili lina mizani tatu, na kina chake cha "ja" hukubaliana na hoja, umoja na ngoja. Maajabu lina mizani nne, muujiza vivyo hivyo, nalo shani lina mbili tu. Mshairi aliyebanwa na mizani nane za kipande hushika lililo karibu.

Hata hivyo, maneno haya hayalingani kwa maana. Muujiza ni jambo linalomshinda binadamu kulitenda. Kwa mzizi wake wa Kiarabu ni ndugu wa ajizi. Shani ni jambo adimu, aghalabu la kupendeza, ndiyo maana tunawaita mabinti zetu Shani. Ajabu hukaa moyoni mwa anayeona, nalo lina kitenzi chake: kustaajabu. Kioja hakina kitenzi tulichokizoea. Kiko nje yetu, ni kitu cha kutazamwa, nacho hudai watazamaji. Kwa hiyo jina Vioja Mahakamani lilikifaa sana kile kipindi cha vichekesho cha KBC nchini Kenya: watu waketi, watazame, wacheke.

Hapo ndipo penye hofu yangu. Tukiuita wizi wa dawa za wagonjwa kioja, tumemkalisha msomaji katika kiti cha mtazamaji, na mtazamaji hadaiwi kitu. Hutikisa kichwa, hucheka, akaenda zake. Wizi una jina lake, na dhuluma ina jina lake.

Atasema mtu kwamba lugha hukua, na kwamba watu wamekwisha kulipanua neno hili vinywani mwao. Ni kweli, wala sina haja ya kuwasahihisha walioko barazani. Lakini anayeandika shairi ana muda wa kuchagua, na kuchagua ndiyo kazi yake.

Tena si lazima kila lisilosadikika lipewe jina. Wahenga walisema: "Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni." Ya nini? Nomino haikutajwa, nasi tunaijaza wenyewe kwa khofu. Hata mtaani, aliyepigwa na butwaa husema "Makubwa!" akanyamaza.

Basi, ndugu zangu, kalamu inapokimbilia kioja ili kutimiza mizani, isimamisheni kidogo. Ikiwa mnataka tucheke, liandikeni. Ikiwa mnataka tuone uchungu, litajeni jambo lenyewe, hata kama itabidi ubeti mzima ufumwe upya.