Msiuze Kibokoni kwa Ploti ya Ng'ambo

Mirathi ya nyumba ya Mji wa Kale, Mombasa, inapojadiliwa hapakosi ndugu mmoja wa kusema maneno yale yale: nyumba imechakaa, mji umebana, tuuze, kila mtu achukue fungu lake akanunue shamba ng'ambo ya kisiwa apumzike. Wazee huambiwa hivyo wanapostaafu kazi za bandarini. Vijana huambiana hivyo barazani. Madalali wa Mtwapa, Vipingo na Ukunda huyarudia mchana kutwa: ploti ya hamsini kwa mia, hewa safi, minazi, kelele hakuna. Imani hiyo imezoeleka hata haihojiwi tena. Anayehama kisiwani huhesabiwa ameendelea, na anayebaki Kibokoni au Mkanyageni huonekana amebaki kwa kukosa njia.

Imani hiyo ni ya uongo, na inazitoa familia za Mvita katika mali ambayo hazitaipata tena.

Utulivu ndio unaotajwa kwanza, na hesabu ya watu inaukanusha. Sensa ya 2009 ilikuta watu 166,008 Likoni; ya 2019 ikakuta 250,358. Kisauni ilitoka 194,065 ikafika 291,930. Kwa miaka kumi sehemu hizo mbili za ng'ambo ziliongezeka kwa takribani nusu nzima, ilhali Mvita, ambayo ndiyo kisiwa chenyewe, ilitoka 143,128 ikafika 154,171 tu. Kaunti ya Kilifi, wanakoelekezwa wengi, iliruka kutoka 1,109,735 hadi 1,453,787. Anayetoka kisiwani kukimbia msongamano anaufuata huko huko ulikohamia. Kichaka anachouziwa leo kando ya barabara ya Malindi kitakuwa kichaka kwa miaka michache. Miche yake ya miembe haijazaa, na tayari jirani wa kulia amesimamisha ghorofa ya kupangisha, wa kushoto amefungua karakana ya kuchomelea vyuma, na mbele yake kuna baa inayopiga muziki hadi alfajiri. Wakazi wa Mtwapa hawahitaji kuambiwa haya. Wazee wao wanaikumbuka Mtwapa ya mashamba. Wajukuu wanaijua Mtwapa isiyolala.

Tena ng'ambo inajaa kabla haijapangwa. Watu hutangulia, na bomba la maji, taa ya njiani na barabara ya kupita gari la wagonjwa hufuata baadaye, zikifuata.

Hapana asemaye kuwa kisiwani maji yanatosha. Mombasa nzima inaishi kwa vyanzo vya mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere katika milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Mji wa Kale umezoea mifereji kukauka na mitungi kuletwa kwa mkokoteni. Lakini mkokoteni unafika mlangoni, kwa sababu nyumba zimeshikana na muuzaji ana wateja kumi katika uchochoro mmoja. Aliyejenga peke yake ndani ya Kikambala huchimba kisima, na mara nyingi akakuta maji ya chumvi yasiyofaa chai wala kufulia. Baada ya hapo huagiza boza. Gharama hiyo dalali hakuitaja, na huja kila mwezi.

Usafiri nao hauishi kulipiwa. Aliyehamia upande wa kusini anaitegemea feri ya Likoni, inayovusha watu zaidi ya 300,000 kwa siku, ikiharibika moja watu wanasimama juani hadi miguu iwafe ganzi. Pwani haijaisahau tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka na kuua watu 272, wengi wao wakiwa njiani kwenda kazini. Barabara ya Dongo Kundu imewasaidia wenye magari, ila inapitia mbali, Miritini, na mama wa Likoni anayetaka kufika Marikiti haimfai kitu. Upande wa kaskazini kuna Daraja la Nyali, lililofunguliwa 1980 kwa mji mdogo kuliko huu, kisha foleni hadi Mtwapa. Kilifi ni kilomita 60 hivi. Mzee mwenye sukari na presha, ambaye alikuwa akiifikia hospitali ya Coast General kwa tuktuk, sasa anahesabu matatu mbili na bodaboda. Akizidiwa usiku wa manane, wanawe ndio wa kuhangaika kutafuta gari.

Lakini hasara kubwa zaidi inawaangukia wanawake, na wao ndio wasioulizwa. Uchumi wa nyumba nyingi za Mji wa Kale uko mlangoni. Mama anakaanga viazi karai jioni, mwenziwe anapika mahamri na mbaazi asubuhi, mwingine anashona au anauza leso alizozichukua kwa mkopo Biashara Street. Mtaji wao mkubwa ni miguu ya wapita njia. Mtoto anakwenda chuoni na kurudi peke yake, kwa sababu kila baraza ina mtu anayemjua babake. Msikiti uko hatua chache. Ukifika msiba, jirani ameshawasha jiko kabla hajaitwa. Mhamishe mama huyo kwenye ploti ya hamsini kwa mia yenye ukuta na geti, jirani wa karibu yuko mita 100, na kwa siku moja amepoteza kazi, wateja na wasaidizi. Mumewe atasema wamepata nafasi. Hesabu ya jikoni itasema vingine.

Linabaki suala la ardhi, na hapa dalali hudanganya kuliko popote.

Ardhi ya pwani haikuwahi kuwa tupu. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar. Kila aliyedai ardhi alitakiwa ajitokeze na kuthibitisha dai lake. Waliokuwa karibu na ofisi, wenye maarifa na fedha, walipata hati zao. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya Ufalme wa Uingereza. Wamijikenda wengi, Wadigo na Wagiriama miongoni mwao, walibaki wakilima ardhi walimozikwa babu zao bila karatasi yoyote. Kutokana na hayo, hadi leo maelfu ya familia za Kilifi na Kwale zinaitwa maskwota mahali walipozaliwa. Kichaka anachoonyeshwa mnunuzi wa kutoka Mvita kina minazi iliyopandwa na mtu, na mara nyingine kina makaburi. Mwenye minazi hiyo hatauona mkataba wa dalali kuwa ni haki.

Atakayedhani hayo ni maneno ya kutishana na aangalie shamba la Waitiki, Likoni. Lilikuwa na ekari 930 na hati halali. Mwaka 1997, wakati wa ghasia za Likoni na Kaya Bombo, mwenyewe alifukuzwa na watu wakaingia, wakajenga, wakazaa. Mahakama haikuweza kumrudisha. Mwishowe serikali ikakubali kulilipia shamba hilo shilingi bilioni 1.1, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akawagawia waliokuwamo hati za ardhi. Ilichukua karibu miaka 20, na fedha za serikali nzima, kumaliza mgogoro wa shamba moja. Mstaafu aliyeuza fungu lake la nyumba ya urithi hana miaka 20 wala serikali nyuma yake. Isitoshe, sheria ya Kenya humruhusu mtu aliyekaa kwenye ardhi ya mwingine kwa miaka 12, waziwazi na bila kuzuiwa, kwenda mahakamani kudai imekuwa yake. Ploti inayonunuliwa na kuachwa hadi watoto wakue iko hatarini tangu siku ya kwanza.

Na anachokiacha ni nini? Kisiwani kwenyewe, Majengo kwa mfano, kuna watu wengi wenye nyumba bila ardhi, wanaomlipa mwenye ardhi kodi kizazi hadi kizazi na kuogopa siku atakapouza. Familia ya Mji wa Kale yenye nyumba na ardhi yake kwa hati isiyo na mgogoro ina kitu ambacho wengi wa pwani wamekililia tangu 1908. Kukitoa hicho na kuchukua barua ya makubaliano iliyopigwa muhuri wa mzee wa mtaa ni kosa ambalo wajukuu watalilipia.

Sehemu ya imani hii ya kuhama imetoka nje ya pwani. Kenya imezoea kumwona mtu wa mjini kuwa ni mgeni wa kazi, mwenye kwao kwingine atakakorudi kuzeeka na kuzikwa. Desturi hiyo ina chanzo chake. Mkoloni alimweka Mwafrika mjini kwa kipande, akamwambia kwao ni rizavu, na mshahara ukapimwa kana kwamba mke na watoto wanalishwa na shamba. Kwa familia nyingi za bara desturi hiyo imekuwa ya kweli na ina heshima yake. Mvita haikujengwa hivyo. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 aliwakuta watu wa mji, wenye dini yao na misikiti yao ya mbao iliyojengwa vizuri. Msikiti wa Mandhry umesimama tangu 1570 hivi, kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Wafu wa familia hizi wako makaburini Kikowani. Kumuuliza mtu wa Ndia Kuu kwao ni wapi, kisha kumtarajia ataje kijiji, ni kumnyang'anya mji wake.

Historia ya kuhama nayo ilikwenda kinyume na inavyodhaniwa. Miongoni mwa Tisa Taifa, jamii tisa za wenyeji wa Mombasa, wamo watu wa Kilifi na watu wa Mtwapa, ambao mababu zao waliiacha miji yao ya pwani wakati wa vurugu za karne ya 16 na 17, wakaja kujisalimisha kisiwani. Magofu ya Mnarani, Kilifi, ni ya mji uliohamwa zama hizo. Waliotoka Mvita kwenda mashambani walitoka kwa kushindwa: mwaka 1837 Seyyid Said alipoung'oa utawala wa Mazrui, matawi yao yalikwenda kukaa Takaungu na Gazi. Matajiri wa Mvita wa karne ile walikuwa na mashamba ng'ambo, ndiyo. Walikwenda kusimamia mavuno, kisha wakarudi mjini kwao. Haikuwa desturi yao kuuza nyumba ya mawe ili wanunue konde.

Wanaotaka kuuza wana hoja moja ya haki, na haifai kufichwa. Nyumba ya matumbawe na chokaa inataka matengenezo yasiyokwisha. Boriti zinaliwa, roshani zinalegea, paa linavuja msimu wa masika. Tangu 1990 Mji wa Kale umekuwa eneo la hifadhi, na mwenye nyumba hawezi kubomoa au kubadilisha sura yake bila kibali. Kisha mwaka 2018 serikali ikapiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, mikoko ikiwamo, na boriti zikawa adimu. Fort Jesus ilitangazwa Urithi wa Dunia mwaka 2011 na inatunzwa kwa fedha za umma. Nyumba zilizo nyuma yake, ambazo ndizo zinazoufanya mji kuwa mji, zimepewa masharti bila msaada. Huo ni uonevu, na dawa yake iko katika ofisi ya kaunti na ya Makavazi ya Taifa: punguzo la kodi ya ardhi kwa anayetengeneza, boriti na chokaa kwa bei nafuu, mikopo isiyo na riba, mafundi wa kufundisha vijana. Mwenye kuuza hamwondolei uonevu huo mtu yeyote. Anamwachia mnunuzi, naye hataujali.

Zanzibar iliyaona hayo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye majumba wengi wa Mji Mkongwe waliondoka, vyumba vikagawiwa wapangaji wasio na uwezo wa kutengeneza, na majumba yakaanza kuanguka moja baada ya jingine hadi ikabidi iundwe mamlaka maalumu ya kuuhifadhi mji mwaka 1985. Huko Lamu, katika kijiji cha Shela, nyumba nyingi zimenunuliwa na wageni wa Ulaya, zimetengenezwa zikapendeza, na sehemu kubwa ya mwaka zimefungwa.

Chanzo halisi cha kuuza, mara nyingi, ni warithi kumi na wawili juu ya nyumba moja na kila mmoja akimngoja mwenziwe anunue saruji. Hilo lina njia zake. Ndugu waende kwa Kadhi, kila fungu lijulikane kwa maandishi. Mwenye uwezo awanunue wenziwe polepole, kwa mkataba. Ghorofa ya chini ipangishwe, kodi yake itengeneze paa. Wasioweza kukubaliana nani anunue waifanye wakfu ya kizazi chao. Tume ya Wakfu ya Kenya ipo kwa sheria na ofisi yake iko hapo hapo Mombasa. Na anayetamani shamba kwa dhati, kwa kulima, alitafute kwa fedha nyingine, aende mwenyewe ofisi ya ardhi kukagua hati, na azungumze na wanaolima hapo kabla hajalipa shilingi. Nyumba ya Mji wa Kale asiitie katika mnada huo.