Kadi ya Mtoto si ya Mama Peke Yake



Katika mjadala mmoja wa muhula huu, mwenzetu alisimama akasema kwamba habari za chanjo za watoto wachanga ni kazi ya wanawake, na ya kuwa sisi wavulana hatuna haja ya kuzijua. Wengi walicheka na kumpigia makofi. Mimi sikubaliani naye, nami nimemwomba mhariri nafasi kidogo nieleze sababu zangu.

Kwanza yafaa tuijue chanjo yenyewe. Hapa Uganda, tangu mwaka 2002, mtoto hupigwa pajani sindano moja yenye kinga ya maradhi matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini ya aina ya B, na maradhi yaletwayo na kijidudu kiitwacho Hib, ambacho huleta homa ya uti wa mgongo na nimonia. Hupigwa akiwa na majuma 6, kisha majuma 10, kisha majuma 14. Fanyeni hesabu: kama kila ugonjwa ungekuwa na sindano yake, mtoto angechomwa mara 15. Leo huchomwa mara 3. Nayo kazi ya kuchanganya si ya jana, maana chanjo za dondakoo, kifaduro na pepopunda zilikuwa zimekwisha unganishwa huko Marekani katika miaka ya 1940.

Wako waulizao, "Mtoto mchanga atawezaje kupambana na maradhi matano kwa siku moja?" Swali hili si la kijinga, nalo lastahili jibu. Ndani ya dawa ile hamna kijidudu hata kimoja kilicho hai. Mna vijidudu vya kifaduro vilivyokwisha uawa, sumu za dondakoo na pepopunda zilizoondolewa ukali wake, na vipande tu vya vile vingine viwili. Tangu siku ya kuzaliwa, mtoto hukutana na vijidudu visivyo na idadi hewani, nguoni, na katika vidole vyetu sisi tunaombeba. Kwa mwili wake, mzigo wa sindano hiyo ni mdogo. Ni kweli aweza kupata homa kidogo na paja likamuuma siku moja au mbili. Mama asipoambiwa mapema, hudhani mwanawe amedhuriwa, naye hatarudi tena.

Hapo ndipo penye hatari, kwa maana sindano ya kwanza peke yake haitoshi. Ya kwanza huufundisha mwili, ya pili na ya tatu huutia nguvu. Mtoto aliyeachia njiani ana kinga pungufu. Lakini tukumbuke kwamba mama atakiwa kwenda kituo cha afya mara tatu katika muda wa majuma machache, huku shamba lataka kupaliliwa, watoto wengine wataka kula, na nauli ya bodaboda imo mfukoni mwa baba. Je, ikiwa nauli i kwa baba, kazi hii itakuwaje ya mama peke yake?

Wengine hunena, "Maradhi hayo hatuyaoni tena." Hatuyaoni kwa sababu watoto walichanjwa! Walipochunguza katika hospitali zetu hapa Uganda, waliona kwamba kufikia mwaka 2006 homa ya uti wa mgongo iletwayo na Hib ilikuwa karibu kutoweka kwa watoto wadogo. Lakini kinga ikipungua, maradhi hurudi. Huko Nigeria dondakoo ilizuka mwishoni mwa mwaka 2022, ikaua mamia ya watu, na wengi wa waliougua walikuwa watoto ambao hawakukamilisha chanjo. Nayo pepopunda hukaa udongoni, wala hatuwezi kuufukuza udongo.

Serikali imefanya sehemu yake. Chanjo hutolewa bure, na Sheria ya Chanjo ya mwaka 2017 yamtaka mzazi awapeleke watoto wake. Lakini sheria haimbebi mtoto mgongoni. Wazee wetu husema ajali haina kinga. Haya maradhi matano kinga yanayo, na mtoto akifa kwa kifaduro leo hatuwezi kuiita ajali.

Basi, wenzangu, likizo itakapofika, kila mmoja wetu aombe kuiona kadi ya mtoto mchanga wa nyumbani kwao. Isomeni tarehe moja moja. Tumelipiwa ada tupate kusoma, na hayo nayo ni maandishi ya kusomwa. Mkiona ya pili au ya tatu imepitwa na siku zake, msiogope kwenda: mtoto aliyechelewa huendelea pale alipoachia, haanzi upya. Nanyi kaka zetu mliokwisha toka shuleni, ambao sasa ni akina baba, tunawaomba mtuonyeshe njia. Mpeni mama nauli bila ya kuombwa, au mbebeni mtoto ninyi wenyewe mkapange foleni. Atakayewacheka kituoni, mwulizeni kama kadi ya mwanawe imejaa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita